Intaneti Iliyo Wazi ni Ipi?



Katika lugha yetu yako maneno mepesi kuyatamka na mazito kuyaeleza, na neno "wazi" ni moja katika hayo. Mlango ulioachwa wazi usiku ni uzembe. Moyo ulio wazi ni sifa njema. Kiti kilicho wazi ni kiti kisicho na mtu. Na kusema wazi ni kusema kweli bila ya kuficha. Basi siku hizi watu wanapodai "intaneti iliyo wazi," si ajabu kila mmoja akafahamu lake. Mzee mwenye wajukuu hufahamu mlango ulioachwa wazi usiku. Kijana hufahamu kusema kweli bila ya kuficha. Mfanyabiashara hufahamu soko. Hubishana mpaka usiku ukawa mkubwa, na kumbe kila mmoja azungumza kitu chake.

Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi hapa Arusha, katika baraza zetu za Ngarenaro na Kaloleni, baada ya sala ya Isha. Mimi kwa asili ni mtu wa Tanga. Kazi ndiyo iliyonileta huku juu mwaka 1978, nilipohamishiwa hapa kuwa karani wa telegramu. Kazi hiyo imekwisha zamani na mashine zake zimekuwa vyuma chakavu, lakini ilinifundisha mambo kadhaa juu ya ujumbe, juu ya njia upitayo, na juu ya mtu aliyekaa katikati ya njia hiyo. Kwa hivyo naona si vibaya nikieleza, kwa kadiri ya fahamu yangu, nini khasa maana ya intaneti kuwa wazi na kufikika, ili tukilizungumza jambo hili majumbani mwetu tulizungumze kwa maana moja.

KWANZA TUJUE NI KITU GANI

Wengi hudhani intaneti ni mali ya kampuni fulani, au ni chombo kilichowekwa mahali fulani huko Ulaya au Marekani. Sivyo. Intaneti kwa hakika ni mapatano. Kompyuta za serikali, za vyuo, za makampuni na za watu binafsi zimekubaliana kanuni moja ya kupokezana ujumbe. Kanuni hiyo ilianza kutumika katika mtandao wa watafiti wa Marekani tarehe 1 Januari 1983. Ujumbe hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikaandikwa anwani ya kule kiendako, kisha vikapokezwa kutoka mtambo hadi mtambo mpaka vikafika na kuunganishwa tena. Mtambo ulio katikati ya njia hauna haja ya kujua kilichomo ndani. Kazi yake ni kusoma anwani na kusogeza mbele.

Kisha Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN huko Uswisi, akabuni njia ya kuziunganisha kurasa hata mtu akaweza kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine popote ulipo duniani. Tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikatangaza kwamba yeyote aweza kuutumia ubunifu huo bila ya kulipa kitu na bila ya kumwomba mtu ruhusa. Hapo ndipo ulipo msingi wa neno "wazi" katika mambo haya: kanuni zajulikana, na kila azifuataye aweza kujiunga.

Huku kwetu mlimani jambo hili lilifika mapema kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya 1990 palikuwa na kituo hapa Arusha kilichoitwa Arusha Node Marie, ambacho baadaye kilikuja kuwa Habari Node, kilichowapatia watu barua za kompyuta wakati ambapo wengi wetu hatujaiona kompyuta kwa macho. Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kutoka pwani ujumbe hupanda kwa nyaya za nchi kavu mpaka huku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili za baharini ziliharibika kwa pamoja, na Tanzania nzima ikaona taabu. Arusha pia ina kituo ambapo makampuni ya mtandao hubadilishana ujumbe wa watu wao hapa hapa, ili barua ya mtu wa Sakina kwenda kwa mtu wa Kijenge isilazimike kusafiri ng'ambo na kurudi.

MFEREJI WA MLIMANI

Ndugu zangu wa pwani mwajua visima. Mwajua kisima cha wakfu kilichochimbwa kando ya msikiti, ambapo mpita njia, mgeni, mtumwa wa zamani na tajiri wote waliteka kwa ndoo ile ile. Huku Meru maji hayangojwi kisimani, hufuatwa kwa mifereji. Wameru na Waarusha tangu zamani wamechimba mifereji kuyatoa maji mitoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima, shamba kwa shamba, migomba na kahawa na mboga vikapata kunywa. Mfereji una wazee wake au kamati yake. Kila shamba lina zamu. Siku ya kuufukua matope kila mwenye kuutumia hutoka na jembe, na asiyetoka hutozwa faini.

Mfereji ule u wazi, lakini wenyewe hawaachi ovyo. Wala hakuna mwenye shamba la juu awezaye kusema, "Maji haya yamepita kwangu, basi ni yangu, nitampa nimtakaye." Wanazuoni wetu wa fiqhi nao wamelijadili kwa urefu jambo la maji, na yajulikana kwamba mwenye maji yaliyomzidi hana ruhusa ya kumzuilia mwenye kiu. Na msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kukifanya kisima kuwa chake kwa sababu tu amepewa ufunguo.

Mfano huu wanisaidia sana. Nikiupima mtandao kwa mfereji napata mambo manne ambayo lazima yakutane ndipo neno "wazi" liwe na maana.

JAMBO LA KWANZA: UFIKE

Mfereji usiofika shambani kwako haukufai kitu, hata ukiwa mzuri namna gani. Ziko nyumba nyuma ya mlima huu, upande wa Ngarenanyuki, ambako simu hushikwa juu kwa mkono kutafutiwa mawimbi kama mtu atafutaye upepo. Mwaka 2006 ilitungwa sheria ya kuunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili makampuni yasaidiwe kujenga minara kule ambako faida ni ndogo. Hiyo ni fikra njema, kwa sababu biashara peke yake haipandi mlima kumfuata maskini.

Lakini mnara haumalizi habari. Iko bei. Mwezi wa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, watu nchi nzima walipiga kelele hata zikasitishwa, na hilo laonyesha kwamba bando limekwisha kuwa jambo la nyumbani kama unga na mafuta ya taa. Iko simu yenyewe. Wako akina mama ambao simu janja ya nyumba yao ni moja, nayo haitoki mfukoni mwa mume. Iko lugha, kwani mtu wa Usa River aliyesoma Kiswahili tu akipewa mtandao uliojaa Kiingereza amepewa maktaba iliyofungwa. Na wako vipofu, ambao kompyuta yaweza kuwasomea kwa sauti ikiwa kurasa zimetengenezwa kwa kuwafikiria, na isiwasomee kitu ikiwa hazikutengenezwa hivyo.

Mji wetu una mfano mwingine wa jambo hili, ulio nje ya mtandao. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa Arusha. Tanzania iliwahi kutoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi na jumuiya zao kuiendea mahakama hiyo moja kwa moja. Mwezi wa Novemba 2019 serikali ikatoa taarifa ya kuliondoa tamko hilo, na taarifa hiyo ikaanza kazi Novemba 2020. Baada ya hapo ukaribu wa jengo haukumpa mkazi wa Arusha njia ya kuingia na shauri lake. Mlango uliopo na mlango ufikikao ni vitu viwili mbali mbali, na tunapoambiwa kwamba mtandao "upo" yafaa tuulize: upo kwa nani?

JAMBO LA PILI: MWENYE NJIA ASIBAGUE

Telegramu ilihesabiwa kwa maneno. Mwenye shamba kubwa la kahawa na mkulima wa ndizi walilipa bei moja kwa neno moja. Mimi karani nilisoma kila neno, kwani bila ya kulisoma nisingaliweza kulipeleka, lakini haikuwa kazi yangu kuamua lipi lastahili. Nimepeleka habari za arusi na za misiba, madai ya deni na maombi ya msamaha. Lau ningalimwambia mtu, "Ukimwandikia fulani bei ni nusu, ukimwandikia fulani bei ni mara mbili," ningalikuwa nimefanya khiyana, hata kama yule wa bei nusu angalifurahi.

Basi mwezi wa Oktoba 2014 Facebook pamoja na kampuni ya Tigo walianzisha hapa Tanzania huduma ya kufungua kurasa chache bila ya malipo, Facebook ikiwa miongoni mwao. Baadaye huduma za namna hiyo ziliitwa Free Basics. Tuseme haki: kilichotolewa kilikuwa na manufaa, na asiye na kitu hupokea anachopewa. Lakini tazama matokeo yake. Kijana mmoja mwuza mboga wa soko la Kilombero aliniambia, "Babu, mimi sina intaneti, nina Facebook tu." Kwake yeye mfereji wote ulikuwa shamba la mtu mmoja. Akitafuta bei ya vitunguu, akitafuta dawa, akitafuta habari, hutafuta ndani ya ua lile, na lililo nje ya ua ni kama halikuumbwa. Naye yule mwenye kutengeneza ukurasa mdogo wa bei za mazao kwa Kiswahili, hata ukiwa mzuri, atamshindaje jirani ambaye kwake kuingia ni bure?

Huko India jambo hili lilijadiliwa kwa ukali, na mwezi wa Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ikakataza makampuni kutoza bei tafauti kwa kuangalia kilichomo ndani ya ujumbe. Ziko nchi nyingine zilizoona vingine, na hoja zao zasikilizika, maana kumwambia maskini angoje mpaka apate vyote ni rahisi kwa mwenye navyo. Lakini msingi wenyewe haupingiki: aliyekabidhiwa njia asiwe ndiye achaguaye lipi lipite kwa wepesi na lipi likwame.

JAMBO LA TATU: ASIKIAYE AWEZE PIA KUSEMA

Redio ilimfikia kila mtu, lakini kila mtu hakuweza kuzungumza redioni. Ubora wa intaneti ni kwamba ukulima wake ni wa pande mbili, mtu huvuna na hupanda.

Watu wa mlima huu wajua thamani ya kusikiwa. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ile wapewe wafugaji wa Kizungu. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini dunia ilisikia, na Watanganyika wengi walijifunza kwamba mnyonge aweza kusimama akasema. Fikiri gharama ya sauti ile moja: michango ya kabila zima, safari ndefu, na mwanasheria. Leo mwanamke wa Engare Nanyuki aweza kupiga picha ya mfereji uliokauka asubuhi, na adhuhuri ikaonekana London. Hiyo ni neema kubwa, na neema huulizwa tumeitumiaje.

Kwa sababu hiyo nilisikitika ziliposomwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ambazo zilimtaka mwenye kuandika habari na maoni yake mtandaoni achukue leseni kwa ada ambazo kwa jumla zilifika kiasi cha shilingi milioni 2. Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye. Sikatai kwamba mwandishi lazima ajulikane na aulizwe kwa aliyoyaandika. Hata katika dini yetu mpokezi wa habari huchunguzwa uaminifu wake. Lakini uaminifu haupimwi kwa shilingi. Mwongo tajiri hulipa ada akaendelea kusema uwongo, na mkweli maskini hunyamaza.

JAMBO LA NNE: USIKATWE KWA WOTE

Hili ndilo zito kuliko yote, nami nitalieleza kwa utulivu.

Siku ya uchaguzi mkuu, Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchi nzima, na haikuanza kurudi mpaka tarehe 3 Novemba. Siku hizo palikuwa na machafuko katika miji mbali mbali, na Arusha ikiwamo. Watu walipoteza maisha, Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa wote. Miaka mitano kabla yake, katika uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ya kuzungumzia ilikuwa imezuiliwa vile vile.

Katika siku hizo za 2025 alifariki dada yangu mkubwa, kwa maradhi yake ya siku nyingi. Alikuwa amemlea binti yangu tangu akiwa na miaka mitatu, baada ya mama yake kutangulia. Binti huyo sasa yuko Maskati na mumewe. Kila Ijumaa, baada ya sala, yeye na shangazi yake walikuwa wakizungumza kwa mtandao, wakionana nyuso. Simu ya kawaida ilinipatia ndugu wa Tanga na Pangani, lakini Maskati nilijaribu usiku kucha nisimpate. Mazishi hayangoji, nasi tulimzika. Mtandao uliporudi, binti yangu alikuta habari ya msiba, habari ya maziko na habari ya khitma zimemfikia kwa mara moja, zimepangana kama barua zilizosahauliwa sandukuni. Akaniuliza, "Baba, mlimzika mimi nikimwombea shifaa?" Sikuwa na jibu.

Sisemi haya ili kumtafutia mtu lawama. Nayasema ili ijulikane kwamba unapoukata mfereji, hukati maji ya mgomvi peke yake. Umekata ya mgonjwa anayengoja kuulizwa hali, ya mwuza duka anayengoja malipo, ya msafirishaji wa watalii ambaye wageni wake wamo mbugani, ya mwanafunzi wa Tengeru, na ya binti aliye ng'ambo. Katika sheria, ya Mungu na ya wanadamu, kila nafsi hubeba mzigo wake. Mtu mmoja akitia sumu mferejini, wazee wa mlima humtafuta mtu huyo. Hawajapata kuamua kijiji kizima kife kiu ili yeye asipate kunywa.

Wala si Tanzania peke yake. Uganda ilikata intaneti kwa siku zipatazo tano katika uchaguzi wa Januari 2021. Kongo iliikata kwa kiasi cha siku 20 baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Kenya ilizuia Telegram mwezi wa Novemba 2023 kwa hofu ya wizi wa mitihani. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu nyingine zilikuwa na uzito. Lakini mwezi wa Juni 2020 Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Magharibi ilihukumu kwamba Togo ilikosea kuikata intaneti mwaka 2017, kwa kuwa ilifanya hivyo bila ya sheria iliyoiruhusu. Na mwaka 2019 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika tamko lake la misingi ya uhuru wa kujieleza, ilizitaka dola zisiwakatie watu intaneti, wawe ni wananchi wote au sehemu yao.

JE, NA UFUSKA?

Hapa najua mama wa Kiislamu anayesoma haya atanyanyua uso na kusema, "Sheikh wangu, na yale machafu? Mwanangu ana miaka 12 na simu mkononi." Swali hilo ni la haki, na asiyelijibu hana haki ya kuusifu uwazi. Mwaka 2025 mtandao wa X ulipofungwa Tanzania, moja ya sababu zilizotajwa na serikali ilikuwa picha za uchi zilizoruhusiwa humo. Wazazi wengi waliposikia hivyo walisema Alhamdulillahi.

Nitajibu kwa mfano wa hapa hapa. Mashariki ya mji wetu, ukiipita Usa River, pana mahali paitwapo Maji ya Chai, kwa rangi ya mto wake. Maji ya Meru, kwa kuwa mlima wenyewe ni wa volkano, yana madini ya floridi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani lasema yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na sehemu nyingi za huku hupita kiasi hicho mbali sana. Ndiyo maana utaona watoto wa huku wana meno ya kahawia, na wengine, masikini, mifupa ya miguu imepinda.

Je, watu wa Meru waliifunga mito yao? Wangalikufa. Walichofanya ni kutafuta chujio. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu wamefundisha namna ya kuchoma mifupa ya ng'ombe ikawa mkaa, ikasagwa, ikatiwa katika ndoo, na maji yakapita humo yakaacha floridi yake. Chujio hilo hukaa nyumbani, karibu na kinywa cha mtoto, chini ya mkono wa mama. Nalo lina masharti: mkaa huchoka, na usipobadilishwa, maji hupita na sumu yake, na mwenye nyumba akidhani yu salama.

Malezi ni vivyo hivyo. Mtoto mdogo asipewe simu akajifungia nayo. Simu itumike ukumbini, machoni pa watu. Ziko programu za kuzuia machafu zitiwazo katika simu ya mtoto, na mzazi asiyezijua amwulize kijana mkubwa. Lakini kila mwaka mtoto hukua na chujio la jana halimtoshi, kwa hivyo mzungumze naye, umwambie waziwazi ni kipi kilicho haramu na kwa nini, ili siku atakapokuwa peke yake, chujio liwe limekwisha kuingia moyoni mwake. Ama muuzaji wa machafu, tapeli, na mzushi wa fitina, hao wako juu ya sheria na hakimu: washitakiwe kwa majina yao, wajitetee, wahukumiwe. Kuufunga mtandao mzima hakumleti hata mmoja wao mahakamani. Humfungia mlango mwenye haki, na mwenye hila hutafuta ufa akapenya. Hayo tumeyaona mwaka 2025, vijana wakiingia X kwa njia za kujificha, na kule wanakojificha mzazi hafiki.

Basi, ndugu zangu, kwa kukusanya maneno: intaneti iliyo wazi na kufikika ni ile imfikiayo mtu pale alipo, kwa bei aimuduyo na lugha aifahamuyo, ambayo mwenye njia habagui ujumbe upitao, ambayo asikiaye aweza pia kusema bila ya kununua ruhusa, na ambayo haikatwi kwa watu wote kwa kosa la wachache. Likipungua moja katika haya manne, uwazi umepungua kwa kiasi hicho, hata likitangazwa jina lake kwa maandishi makubwa.

Yafaa tuyaulize haya kwa adabu na bila ya woga. Tumwulize mbunge anayekuja kuomba kura, na tumwulize mwenye kampuni anayetuuzia bando. Na siku ya kuufukua mfereji nasi tutoke na jembe: mwenye ilimu aandike kwa Kiswahili kitu cha manufaa akiweke humo, mwenye kupokea habari aichunguze kabla ya kuisambaza, na mwenye mtoto amwangalie mtoto wake. Mfereji wa watu wote hauwezi kubaki msafi kwa jasho la mtu mmoja.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika lililo sawa, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.